Gari Lisilotaka Kusimama

Katika nchi ya Kanada, yenye maziwa na vinamasi vingi, wawindaji hutumia gari dogo la magurudumu sita au manane, liendalo nchi kavu na kuelea majini. Magari ya jina la Argo hutengenezwa huko tangu mwaka 1967.

Pengine gari la namna hii, likisha kutiwa gea, husogea mbele kabla dereva hajaongeza mafuta. Ole wake aliyesimama mbele yake ukingoni mwa ziwa! Wengi hukaza breki tu. Sisi tutafute asili ya ubaya.

Nguvu ya injini hupitia mkanda uliozungushwa juu ya puli mbili. Puli ya injini ina sahani mbili. Injini ikizunguka polepole, springi huzitenga, na mkanda hauvutwi. Ikienda mbio, vyuma vizito vya ndani huzikaribisha sahani, nazo huubana mkanda.

Basi, kwanza tupime mwendo wa injini iliyokwisha kupata moto; ukizidi kipimo cha kitabu cha gari, tuupunguze. Pili, tuzime injini, tukague puli: uchafu, kutu au springi iliyochoka huzuia sahani zisiachane. Tatu, tutazame mkanda: uliokazwa mno, au usio wa kipimo chake, hushikwa daima.

Lakini kabla ya yote, tuzuie magurudumu kwa magogo, na watoto wakae mbali. Usipoziba ufa, utajenga ukuta; naye mtu aliyepondwa hajengwi tena.