Sukari Iliyofichwa Ndani ya Mti

Sisi tukaao kando ya Ziwa Viktoria, toka mjini Mwanza hata mashamba ya pamba ya Magu, twamjua mchwa kwa ubaya wake: hula nguzo za nyumba, hula na mlango. Lakini je, hushibaje kwa mti mkavu?

Mti, kwa sehemu kubwa, umejengwa kwa sukari. Chembe zake zimeshikana kama pete za mnyororo, na mnyororo huo huitwa selulosi. Wanga wa ugali nao ni mnyororo wa sukari. Ndiyo maana tonge likitafunwa kwa muda mrefu huanza kuwa tamu kinywani, kwa kuwa mate yana kimeng'enya kiukatacho. Bali pete za selulosi zimeungwa kwa namna nyingine, na mate yetu hayaziwezi. Tena ndani ya mti zimezungukwa na lignini, kitu kigumu mfano wa saruji ukutani.

Mchwa wajengao vichuguu vikubwa ni wakulima. Humeza mti waliotafuna, wakautoa ukiwa mavi, wakaufinyanga uwe masega kama sifongo, mahali penye joto na unyevu. Juu yake huota ukungu mweupe, ambao kwa vimeng'enya vyake huivunja lignini na kuikata selulosi. Ndipo mchwa hula masega yaliyolainika. Uyoga tuuchumao kichuguuni baada ya mvua (na jinsi ulivyo mtamu!) ni tunda la shamba hilo.

Wazungu walilipata somo hili kwa hasara. Katika Vita Kuu ya Pili, mahema ya askari wa Marekani yalioza upesi huko Visiwa vya Solomon. Yalikuwa ya pamba, na uzi wa pamba ni selulosi karibu yote. Katika turubai bovu ulipatikana ukungu mwingine, ambao mwaka 1977 uliitwa Trichoderma reesei kwa heshima ya Elwyn Reese, aliyeuchunguza miaka mingi pamoja na Mary Mandels. Leo viwanda huufuga ili kuvuna vimeng'enya vyake, vilainishavyo hata nguo za jinzi.

Nasi kila mwaka baada ya mavuno twang'oa mashina ya pamba na kuyachoma, ili wadudu wasisalie shambani. Ni amri njema, ijapokuwa moto ule huunguza sukari nyingi, ambayo ingechachushwa ikawa spiriti ya kuendesha mitambo. Lakini kuitoa si kazi rahisi: sharti kwanza shina lilegezwe kwa mvuke au dawa kali, kisha vimeng'enya vinunuliwe, navyo ni ghali. Sukari ya miwa, kama ile ya Kagera ng'ambo ya ziwa, hutoka kwa kukamuliwa tu.