Katika Mji wa Malori, Wapo Wanaochagua Chaki

Tunduma fedha haichelewi. Kijana aliyemaliza kidato cha nne halazimiki kwenda mbali kutafuta riziki. Akitaka atashika bunda la kwacha na shilingi mtaani, akitaka ataendesha bodaboda, akitaka atawauzia chakula madereva waliolala kwenye foleni ya malori inayorudi nyuma kuelekea Mpemba. Barabara kuu kutoka Dar es Salaam inafika hapa, reli ya TAZARA inapita hapa, na tangu 2019 forodha za Tanzania na Zambia zinahudumia watu kwenye kituo cha pamoja. Shaba ya Zambia na ya Kongo inashuka, mafuta na bidhaa za dukani zinapanda, na kila anayesimama katikati anaokota chochote.

Ndiyo maana kijana wa hapa anaposema anakwenda chuo cha ualimu, tena ualimu wa shule ya msingi, majirani humuuliza: "Kwani ulifeli?"

Swali hilo linaumiza, na limepitwa na wakati. Siku hizi huingii chuo cha ualimu bila ufaulu wa daraja la kwanza hadi la tatu. Cheti cha Daraja A, cha miaka 2, kilikuwa mlango wa kawaida kwa muda mrefu. Sera ya elimu toleo la 2023 inaipeleka kazi hii kwenye stashahada. Binti au kijana anayefungasha sanduku leo angeweza kuchagua kidato cha tano. Amechagua darasa la watoto wadogo.

Lakini dhana kwamba ualimu ni wa waliofeli haikuzuka hivi hivi. Mwaka 1974, katika kikao chake cha Musoma, chama tawala TANU kiliamua kwamba kila mtoto aingie shule ifikapo 1977. Walimu wa kutosha hawakuwapo, kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba walipewa madarasa vijijini huku wakijifunza ualimu papo hapo, kwa miaka 3, kwa masomo ya posta, redio na waratibu wa kata. Tukawaita walimu wa UPE, yaani wa elimu ya msingi kwa wote, na jina hilo likageuka kuwa la dharau. Mimi silitumii hivyo. Vijiji vingi vya Mbozi na Ileje vilipata watu wao wa kwanza wa kusoma barua kwa mikono ya vijana wale. Ulipokuja MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, mwanzoni mwa miaka ya 2000 na ada ikafutwa, chuo kikafupishwa tena: mwaka 1 chuoni, mwaka 1 shuleni. Kila mara nchi ilipokuwa na haraka ya kuandikisha watoto, ilikata njia ya mwalimu.

Haraka ya mara hii ni kubwa kuliko zote. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ulipanua elimu bila ada kuanzia Januari 2016, na mwezi huohuo Mkoa wa Songwe ukazaliwa kutoka Mbeya. Tunduma yenyewe, kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, ilitoka kwenye watu wasiofika laki moja ikavuka laki mbili. Mji ukiongezeka hivyo ndani ya miaka 10, wanaoongezeka kwanza ni wanafunzi wa darasa la kwanza.

Kutoka Tunduma, wengi huelekea Rungwe, kwenye vyuo vya Tukuyu na Mpuguso. Ni safari ya zaidi ya kilomita mia moja hadi Mbeya, kisha Uyole unakata kusini kupanda milima ya migomba na chai. Aliyekulia kwenye vumbi la mpakani anakutana na mvua isiyojua kukoma. Asubuhi ni saikolojia ya mtoto, misingi ya elimu, upimaji. Jioni ni kuandika azimio la kazi na andalio la somo, mistari na safu zake, mpaka mkono uchoke. Wanachuo hufundishana wenyewe kwa wenyewe: mmoja anashika chaki, wenzake wanakuwa darasa la kwanza, watu wazima wenye ndevu wakiitikia kwa sauti ya kitoto, "Shikamoo, mwalimu." Wanacheka sana. Mkufunzi hacheki, anaandika kwamba umegeukia ubao dakika nzima na watoto wamebaki nyuma ya mgongo wako.

Kisha inakuja BTP, mazoezi ya kufundisha, na hapa ndipo mwalimu anapotengenezwa.

Mwanachuo aliyepangwa kwenye shule ya mjini Tunduma anaingia darasa la kwanza akiwa na andalio lililonyooka. Mwongozo unazungumzia watoto 45 kwa darasa. Kwenye mji uliofura namna hii, mwongozo hubaki ukutani. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Katika dakika hizo anatakiwa afundishe sauti ya herufi moja, watoto waisikie, waitamke, waione ubaoni, waiandike. Si jina la herufi: hasemi "emu", anafumba midomo na kuitoa sauti yenyewe, halafu anaibandika kwenye irabu, ma, me, mi, mo, mu. Tangu mtaala wa KKK ulipoanza 2015, sehemu kubwa ya muda wa darasa la kwanza na la pili imetengwa kwa kazi hii ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Kwa mtazamaji wa dirishani ni kazi nyepesi. Kwa anayeifanya, ni sawa na kutembeza kundi la vifaranga barabarani.

Na watoto wenyewe hawaji na lugha moja. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka, Tunduma na Nakonde, na mtoto anaweza kuwa na bibi Zambia na mama Tanzania. Jirani yake kwenye dawati anaongea Kinyiha nyumbani kwa sababu wazazi wamekuja kutoka Mbozi kufanya biashara. Wa tatu ni Mndali wa Ileje, wa nne Mnyakyusa. Kiswahili chao ni cha sokoni: wanajua bei, wanajua kusalimia, wanajua kuomba chenji. Hawajawahi kuambiwa "pigia mstari", wala "linganisha". Wengi huchanganya l na r, na mwanachuo mgeni huwasahihisha kwa ukali akidhani ni uzembe. Mwalimu mzoefu anamwita pembeni: mtoto amesoma sawasawa, ulimi wake ndio umeenda nyumbani, msifu kwa kusoma, matamshi yatakuja.

Maneno hayo huyapati kwenye daftari la chuo. Nayasisitiza kwa sababu nimeona wanachuo wengi wakipelekwa kwenye shule ambayo mwalimu mwenyeji wao, akiona mkono mpya umefika, anashukuru na kwenda kusahihisha daftari za darasa la saba. Mwanachuo anaachwa peke yake mpaka mkufunzi anapokuja kumkagua. Alama anapata. Jicho la mwenzake aliyekaa nyuma ya darasa, kumwambia kwamba wale wanne wa pembeni wanaimba silabi bila kuangalia ubao, halipati. Wale wanne ndio tutakaowakuta darasa la tatu hawajui kusoma, kisha tutamlaumu mama yao anayeuza nyanya.

Zana ni somo jingine. Ruzuku ya serikali kwa mwanafunzi wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na sehemu yake huenda kwenye vitabu, kwa hiyo mwanachuo anayesubiri kununuliwa vifaa atasubiri sana. Tunduma ina jambo moja linalomsaidia: mji wa mizigo ni mji wa maboksi. Maboksi yanakatwa kadi za silabi, vizibo vya soda vinakuwa vya kuhesabia, punje za mahindi zinapanga makumi na mamoja. Mtoto aliyezoea kumsaidia mama kurudisha chenji anaelewa kutoa haraka ajabu, mradi tu mwalimu amemwanzishia sokoni kabla ya ubaoni.

Wanahitimu. Wanasubiri.

Usaili wa walimu ulipofanyika mapema 2025, waombaji walikuwa zaidi ya laki mbili kwa nafasi zisizofika 15,000. Miongoni mwao walikuwamo waliohitimu tangu 2015. Tafakari miaka hiyo kwa kijana wa mpakani: wenzake wa bodaboda wamejenga, wauza kwacha wamefungua maduka, yeye ana bahasha ya vyeti. Wengine huingia kwenye biashara na hawarudi, na sioni wa kuwalaumu. Wengine hujitolea katika shule za jirani kwa posho ndogo inayotokana na michango ya wazazi, wakishika darasa la kwanza na la pili muhula baada ya muhula. Hawa wamejifunza kazi kuliko mtihani wowote unavyoweza kuonyesha. Mwalimu mkuu anawajua kwa majina, na anajua watoto wangapi walisoma mikononi mwao. Taarifa hiyo ingeandikwa, ikapitishwa na mkurugenzi wa halmashauri, ikapewa uzito pale ajira zinapogawanywa, serikali ingekuwa inaajiri kwa kazi iliyoonekana. Ningependa sana kuona Songwe ikianza.

Anayepata barua mara chache hupangwa Tunduma. Anaweza kupelekwa Kamsamba, chini kabisa kwenye bonde la Ziwa Rukwa, ambako joto na barabara ya mvua ni habari nyingine. Au Ileje, upande wa Malawi. Au kwenye vijiji vya dhahabu vya Mkwajuni, ambako machimbo huwavuta wanafunzi wakubwa kutoka darasani. Anaripoti na begi, cheki namba bado, mshahara bado, nyumba ya mwalimu ina familia tatu tayari. Na kwa kuwa yeye ni mgeni, atapewa darasa ambalo wenyeji wamelikimbia: la kwanza.

Mimi naona anastahili kupewa darasa hilo, ila asipewe peke yake. Mpango wa MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, unawakutanisha walimu shuleni hapohapo kujadili ufundishaji. Vikao hivyo viwe kweli, mwalimu mkongwe akae nyuma ya darasa la mgeni angalau mara moja kwa wiki katika muhula wa kwanza, na mgeni naye aruhusiwe kwenda kukaa kwake. Kabla ya hapo, mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kijiji wamtafutie chumba chenye mlango unaofunga.