Kufuta jina kwenye kompyuta: Muamala ndio kinga

Aprili 28, 2017, Rais John Magufuli alikabidhiwa mjini Dodoma orodha ya watumishi 9,932 waliotajwa kuwa na vyeti vya kughushi, akaagiza waondolewe kazini. Agizo la namna hiyo huishia mbele ya kompyuta, ambako kosa dogo laweza kumnyima mshahara asiyehusika.

Tuseme karani wa jijini Tanga anamfuta mtumishi mmoja. Kumbukumbu zake zimo katika majedwali matatu: la mishahara, la makato ya mkopo na la michango ya pensheni. Umeme ukikatika katikati ya kazi, jambo lisilo geni, hubaki deni lisilo na mwenyewe.

Kinga yake ni muamala, dhana iliyoendelezwa na Jim Gray wa Marekani, aliyetunukiwa Tuzo ya Turing mwaka 1998. Hatua zote hufungwa pamoja: zikikamilika, huthibitishwa, moja ikikwama, zote hubatilishwa na kumbukumbu hurudi zilivyokuwa. Kabla ya kuthibitisha, karani hutazama idadi ya mistari iliyofutwa. Akitarajia mmoja akaona 900, pengine kwa kusahau kutaja namba ya mtumishi, hubatilisha, na hakuna anayedhurika.

Akishathibitisha, muamala haumsaidii tena; hutegemea nakala ya akiba, ambayo huenda ikawa ya jana.