King Majuto: alichekesha nchi nzima, je, alilipwa nini?

Msikilizaji wa Kihurio ukishuka kwa basi kupitia Mkomazi na Korogwe, unafika Tanga, mji aliozaliwa Amri Athumani mwaka 1948. Jina hilo huenda hulifahamu. Ukiambiwa King Majuto, au Mzee Majuto, utacheka kabla hata hujaambiwa jambo.

Alianza kuigiza jukwaani mwaka 1958, akiwa bado mtoto. Wakati huo hapakuwa na televisheni Tanganyika, na vichekesho vilitazamwa ana kwa ana. Zilipokuja kanda za video, Majuto alikuwa miongoni mwa wachekeshaji wa mwanzo nchini kurekodi kazi zao na kuziuza. Baadaye zikaja CD na DVD, na mabanda ya video vijijini yakajaa watu. Mara nyingi aliigiza mzee mjanja mwenye tamaa, ambaye mwishowe ananaswa na ujanja wake mwenyewe. Kila kijiji kina mzee wa namna hiyo, ndiyo maana tulimwelewa haraka.

Sura kila mahali, fedha iko wapi?

Mwaka 2018 Majuto aliugua sana. Serikali ilisaidia apelekwe India kwa matibabu. Wengi walishangaa: mtu aliyeigiza filamu nyingi na matangazo ya biashara, iweje ahitaji kuchangiwa?

Jibu moja lipo kwenye mikataba. Chukua mfano wa mpunga. Mkulima mwenye shida huuza mpunga ukiwa bado shambani, kwa bei ya chini. Baada ya mavuno bei hupanda, lakini faida ni ya mnunuzi. Mwigizaji anayelipwa mara moja tu yuko vivyo hivyo. Filamu ikiuzwa miaka kumi, au tangazo likirudiwa kila siku, yeye hapati kitu tena, labda mkataba uwe umesema hivyo.

Jibu la pili ni wizi wa kazi. Nakala zilizorudufiwa kinyemela humnyima fedha msanii na hata mtayarishaji. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na COSOTA ndiyo inayosimamia haki hizo. Lakini sheria haiwezi kumsaidia sana mtu aliyeweka saini bila kusoma.

Mwaka huohuo wa 2018, Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo, Dk. Harrison Mwakyembe, alitangaza kuundwa kwa kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Suala la Majuto ndilo lililoamsha mjadala.

Majuto alifariki dunia Agosti 8, 2018 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 70. Alizikwa kwao Tanga.

Kwa kijana wa Kihurio

Leo unaweza kurekodi kichekesho kwa simu yako ukiwa shambani. Akija mtu kukupa fedha, uliza mambo matatu: ananunua nini, kwa muda gani, na kazi ikiendelea kuuzwa wewe utapata kiasi gani? Majibu yaandikwe, na nakala moja ibaki kwako. Usiposoma karatasi mwenyewe, mpe mtu unayemwamini akusomee kabla hujatia saini.