Obokano Hupigwa, Ribina Huchezwa

Katika insha za wanafunzi wa Kisii na Nyamira kuhusu tamasha za muziki, si ajabu kukutana na sentensi kama hii: "Mzee alicheza obokano vizuri sana." Msomaji anaelewa kinachokusudiwa. Hata hivyo, mtu aliyelelewa kwenye Kiswahili atasita kidogo hapo, kwa kuwa obokano, ala ya nyuzi ya jamii ya Abagusii, haichezwi. Hupigwa.

Kiswahili kimeligawa jambo hili waziwazi. Ala za muziki hupigwa, hata zile ambazo mkono hauzipigi: zumari na filimbi huingizwa pumzi, lakini bado tunasema zinapigwa. Kinanda hupigwa, zeze hupigwa, gitaa hupigwa au, kwa neno tamu zaidi, hucharazwa. Kucheza ni kazi ya mwili wenyewe, yaani miguu, kiuno na mabega. Ndiyo maana mpiga ngoma na mcheza ngoma wanaweza kusimama kwenye uwanja mmoja, saa ileile, kila mmoja na kazi yake. Kosa linatokana na Kiingereza, ambacho kina kitenzi kimoja kwa mpira, kwa ala na kwa mhusika wa jukwaani. Kiswahili kina vitatu: mpira huchezwa, obokano hupigwa, mhusika huigizwa.

Kwa hiyo mwandishi akienda kwenye sherehe Nyamira, akawakuta akina mama wakiwa katika ribina, ile ngoma ya wanawake wa Kigusii, ataandika: "Wanawake walicheza ribina hadi vumbi likatimka." Akimkuta mzee ameketi na ala yake, ataandika: "Mzee alipiga obokano huku akiimba."

Ala yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu anayeifahamu hatatatizika kuitungia sentensi. Chini kuna bakuli kubwa la mbao lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Humo huchomoza mikono miwili ya mti inayoinuka na kutanuka, nayo huunganishwa kwa juu na mti wa kukingama. Nyuzi nane huteremka kutoka mti huo wa juu hadi kwenye ngozi. Zamani nyuzi hizo zilitengenezwa kwa mishipa ya wanyama. Siku hizi nailoni imechukua nafasi hiyo mara nyingi. Mpigaji huketi kwenye kigoda na kuzikwanyua kwa vidole vya mikono yote miwili. Sauti inayotoka ni nzito, ya chini, yenye mvumo ambao msikilizaji huusikia kifuani kabla ya sikio kuuzoea. Katika jamaa ya ala za namna hii Afrika Mashariki, pamoja na nyatiti ya Waluo na litungu ya Wabukusu, obokano ni mojawapo ya zile zenye umbo kubwa na sauti ya chini zaidi.

Je, iitweje kwa Kiswahili? Wapo wanaoandika zeze. Hilo linapotosha. Zeze ya Wagogo wa Dodoma, aliyoivumisha duniani marehemu Hukwe Zawose, husuguliwa kwa uta. Obokano haina uta wala haihitaji. Wengine huandika "gitaa la Kisii". Hilo linapotosha zaidi, kwa sababu gitaa la Kisii lipo kweli na lina historia yake: ndilo lililompa umaarufu marehemu Christopher Monyoncho. Kinubi ndilo neno lililo karibu, na wasomaji wengi wanalijua kutokana na habari za Daudi katika Biblia. Linafaa kama maelezo: "Obokano ni aina ya kinubi cha Abagusii." Baada ya maelezo hayo, obokano iachwe na jina lake, kama vile nyatiti ilivyoachwa na lake.

Upatanisho wa kisarufi nao huwasumbua wengi. Kwa Kigusii, obo- ni kiambishi cha ngeli, kilekile kilichomo katika obokima, yaani ugali. Mwandishi mwenye masikio ya nyumbani hushawishika kuandika "obokano huu". Lakini neno likishaingia Kiswahili kama jina la ala ya kigeni, ngeli inayolipokea kwa urahisi ni ya I-ZI: obokano hii imekazwa nyuzi, obokano zile zimechakaa ngozi. Kiambishi cha Kigusii hakikatwi. "Bokano" si neno la upande wowote.

Anayeipiga ni mpiga obokano, na wakiwa wengi ni wapiga obokano. Ukitaka a-unganifu, umbo hubadilika: mpigaji wa obokano. "Mpiga wa obokano" ni kuchanganya njia mbili. Na ikiwa mtu huyo anaghani tungo zake huku akipiga ala, vitabu vya fasihi simulizi vya Kenya vina neno lake, yeli, ambalo linamfaa fundi wa obokano kwa sababu sauti yake na nyuzi zake haziachani.

Liko pia neno kutumbuiza, ambalo magazeti hulitumia ovyo. Wanaotumbuizwa ni watu. "Alitumbuiza nyimbo tatu" ni sentensi iliyopotea; nyimbo haziwezi kuburudika. Sahihi ni "aliwatumbuiza wageni kwa nyimbo tatu".

Mambo haya yana uzito kwa watoto wa Gusii hasa. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, bado huwapa nafasi ya kupanda jukwaani na nyimbo za kwao, na mtaala mpya umeifanya sanaa, pamoja na sayansi ya michezo, kuwa mojawapo ya njia tatu za masomo katika shule za sekondari ya juu. Mtoto atakayeulizwa aeleze onyesho la kwao hana budi kuwa na maneno ya kulieleza. Anaweza kuanza hivi: "Yeli aliketi kwenye kigoda, akakaza nyuzi za obokano, akaipiga taratibu. Wachezaji waliingia wakiwa na maleba yao, njuga zikilia miguuni, na hadhira ikapokea kiitikio kabla yeli hajamaliza ubeti wa kwanza."