Akina Mama, Msingoje Maumivu

Siku moja utasikia tangazo kijijini. Labda ni mwenyekiti wa kitongoji anayepita akitangaza. Labda ni msikitini au kanisani. "Akina mama wenye umri wa miaka 30 mpaka 50, kesho kutwa fikeni zahanati. Wataalamu wa huduma ya mkoba wanakuja kupima saratani. Ni bure."

Wengi watasikia. Wachache watakwenda. Ukiwauliza waliobaki nyumbani watakujibu, "Mimi siumwi. Nikapimwe nini?"

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike habari hii. Saratani, ambayo wengi tunaiita kansa, ni ugonjwa mwenye hila. Mwanzoni hauumi. Mama analima, anachota maji, anabeba kuni, na ugonjwa umo ndani unakua polepole. Siku anapoanza kuumwa, mara nyingi umekwisha kuwa mkubwa.

Tanzania, saratani inayoua wanawake wengi kuliko nyingine zote ni ile ya mlango wa kizazi. Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake zaidi ya 10,000 waliugua mwaka huo, na zaidi ya 6,000 walikufa. Wengi wao walifika hospitali wamechelewa.

MLANGO WA KIZAZI

Kizazi cha mwanamke kina umbo kama kibuyu kidogo kilichogeuzwa, shingo ikielekea chini. Shingo hiyo ndiyo tunayoiita mlango wa kizazi. Mtoto hupita hapo anapozaliwa.

Saratani ya mahali hapo huletwa na kirusi. Jina lake kwa kifupi ni HPV. Si kirusi cha UKIMWI, ni kingine kabisa. Mtu hukipata kwa kujamiiana, na karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana hukipata wakati fulani. Wengi hawajui kamwe kwamba walikipata, maana mwili hukifukuza wenyewe, aghalabu katika muda wa miaka miwili.

Lakini kwa wanawake wachache kirusi hakitoki. Hukaa pale mlangoni, kikaanza kuharibu ngozi laini ya mahali hapo. Kutoka uharibifu huo mdogo mpaka kuwa saratani hupita miaka mingi, mara nyingi 10 hadi 20. Kwa mama mwenye virusi vya UKIMWI mwendo ni wa haraka zaidi. Ndiyo sababu yeye huambiwa aanze kupimwa mapema, na arudi mara nyingi zaidi kuliko wengine.

Sasa angalia. Ugonjwa unaochukua miaka 10 kukomaa unatupa nafasi kubwa. Mkulima hangoji magugu yafunike mahindi ndipo ashike jembe.

Hapa tuseme neno moja kwa akina baba. Wako wanaume ambao mke akirudi na habari ya kirusi hiki, humwambia, "Umekipata wapi?" Bwana, kirusi hiki kinaweza kukaa miaka mingi bila dalili. Mwanaume naye hukibeba bila kujua. Hakuna mtu anayeweza kusema nani alimpa nani, wala lini. Kumpiga mke au kumfukuza kwa sababu hiyo ni uonevu.

WANAPIMAJE?

Hapa ndipo hofu ilipo. Mazungumzo pale zahanati huwa ya namna hii:

– Shikamoo, mama. Karibu ukae.

– Marahaba, mwanangu. Mimi nimeburutwa na majirani tu. Siumwi.

– Vizuri, mama. Kipimo hiki hasa ni cha wasioumwa.

– Nasikia mnatoa watu vizazi.

– Hapana, mama. Hapa hatumpasui mtu. Tunatazama tu.

– Na hiyo siki niliyoisikia? Si ile ya kachumbari?

– Ni ya jamii hiyo hiyo, mama. Ila hii imetayarishwa kwa kipimo, haina nguvu ya kuunguza.

Basi, mama hulala kitandani, hufunikwa kwa kanga au shuka. Nesi hutumia kifaa mfano wa mdomo wa bata ili aweze kuuona mlango wa kizazi. Kisha huchukua pamba yenye siki na kupaka pale mlangoni. Hungoja dakika moja. Halafu hutazama kwa mwanga wa taa.

Ngozi nzima haibadiliki. Ngozi iliyoanza kuharibika hugeuka nyeupe. Basi, ndiyo kazi yote. Mama ataona ubaridi wa siki, pengine itawasha kidogo, kisha huvaa na kupewa majibu hapo hapo. Hahitaji kungoja barua kutoka mjini.

Tafadhali mama, usijaribu jambo hili mwenyewe nyumbani. Siki ya dukani si dawa. Haizuii saratani wala haiiponyi, na ukijimwagia ndani utajiumiza bure. Kinachosaidia ni jicho la nesi aliyefundishwa kutazama.

Wako wanaodharau. "Saratani, ugonjwa mkubwa hivyo, ugunduliwe na siki?" Jambo hili lilijaribiwa huko India, katika mji wa Mumbai. Hospitali ya saratani ya Tata Memorial ilifuatilia wanawake wapatao 150,000 wa mitaa ya watu maskini, kuanzia mwaka 1998. Nusu walipimwa kwa siki kila baada ya miaka miwili. Nusu walipewa mafunzo tu kuhusu ugonjwa. Waliopima hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wenye elimu ya sekondari, waliofundishwa kazi hiyo kwa wiki chache. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013. Katika kundi lililopimwa, vifo vya saratani hii vilipungua kwa asilimia 31. Yaani mahali ambapo wangekufa wanawake 100, walikufa 69.

UKIAMBIWA KUNA WEUPE

Usipige yowe. Weupe mara nyingi si saratani. Maana yake ni kwamba huenda ngozi imeanza kuharibika, na inaweza kutibiwa kabla haijawa saratani.

Matibabu yake ni mafupi. Pengine mahali pale hugandishwa kwa baridi kali itokayo katika mtungi wa gesi. Pengine huchomwa kidogo kwa kifaa cha joto. Yote mawili hufanyika bila kumpasua mama na bila kumlaza wodini. Akina mama wengi hutibiwa siku ile ile. Kizazi hubaki mahali pake. Anayetaka kuzaa bado anaweza kuzaa.

Baada ya hapo mama atatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa. Asishtuke, kidonda kinapona. Ila akitokwa na damu nyingi, au akipata homa, au majimaji yenye harufu mbaya, arudi upesi. Na kwa muda wa wiki 4 asilale na mume wake. Hapo akina baba, subira yenu inahitajika. Ndiyo maana ni vizuri mume aelezwe mapema, hata akija zahanati pamoja na mkewe ni bora.

Tusidanganyane lakini. Si kila kituo kina kila kitu. Pengine gesi imekwisha, mama anaambiwa arudi wiki ijayo. Pengine chumba kina pazia lisilofunika vizuri, na mama anaona aibu. Sisi twaona mama ana haki ya kusema, "Nesi, funga mlango kwanza." Na kamati ya afya ya kijiji ina haki ya kuuliza kwa nini mtungi uko mtupu. Lakini ukiambiwa urudi, rudi. Wako walioonekana na weupe, wakaambiwa warudi, wasionekane tena mpaka walipozidiwa.

Maana kulipa kwenyewe kunakuja baadaye. Kupimwa katika vituo vya serikali ni bure. Lakini saratani ikishakuwa kubwa, mama huandikiwa rufaa. Atakwenda Ocean Road kule Dar es Salaam, au Bugando Mwanza, au KCMC Moshi. Kuna nauli yake na ya anayemsindikiza. Kuna chakula na mahali pa kulala, wiki baada ya wiki. Mbuzi huuzwa, na shamba huwekwa rehani. Na pengine hata hivyo dawa inakuwa ya kupunguza maumivu tu.

NANI APIMWE?

Mama wa miaka 30 mpaka 50, hata kama ana afya nzuri, hata kama ameolewa na mume mmoja tu maisha yake yote. Akikutwa salama, hurudi baada ya miaka mitatu, au kama nesi atakavyomwandikia.

Wanaosahaulika zaidi ni wale wa miaka 40 na kitu. Wameacha kuzaa, hivyo hawaendi tena kliniki ya mama na mtoto, na hakuna anayewaambia. Nao ndio walio katika hatari kubwa. Akishapita miaka 50, ile sehemu inayotakiwa kuonekana hujificha ndani zaidi, na siki haioneshi vizuri. Basi asingoje mpaka hapo.

Lakini mama wa umri wowote, hata bibi wa miaka 70, akiona dalili hizi aende kwa mganga bila kungoja siku ya huduma ya mkoba: damu kutoka wakati si wa hedhi, damu baada ya kujamiiana, damu baada ya hedhi kukoma kwa uzee, au uchafu wenye harufu mbaya usioisha. Bibi akianza kutoka damu tena, watu husema, "Amerudia usichana." Hapana. Huo si usichana.

NA MATITI JE?

Siku ile ile nesi anaweza kukukagua matiti. Hatumii dawa wala sindano. Atatazama kwa macho, kisha atapapasa kwa vidole taratibu, ziwa lote mpaka kwapani. Anatafuta uvimbe. Picha za matiti hupigwa katika hospitali kubwa, si zahanati. Lakini mikono iliyofundishwa ni msaada mkubwa mahali ambapo mashine haipo.

Nawe mwenyewe uyafahamu matiti yako unapooga. Uvimbe mgumu usiouma usiudharau ati kwa sababu hauumi. Angalia pia chuchu iliyoingia ndani nayo haikuwa hivyo, damu itokayo kwenye chuchu, kidonda kisichopona, au ngozi iliyofanya vishimo kama ganda la chungwa. Uvimbe mwingi wa matiti si saratani. Ila mwenye kujua tofauti ni mganga, baada ya kuupima.

Na wale wanaosema saratani ya matiti huletwa na kuweka pesa kwenye sidiria, hilo si kweli. Weka hela yako, mama, ila uangalie wezi.

MABINTI

Kuna chanjo ya kuzuia kile kirusi cha mlango wa kizazi. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ikapanuliwa, wapewe wasichana wa miaka 9 hadi 14, na ikawa sindano moja tu. Hutolewa bure. Uvumi kwamba inafunga kizazi hauna msingi. Chanjo hii hufanya kazi vizuri zaidi msichana akiipata kabla hajaanza kujamiiana, ndiyo sababu inatolewa mapema hivyo.

Chanjo hiyo haifuti haja ya mama yake kupimwa. Binti akipata sindano shuleni, mama naye aulizie zahanati siku ya kipimo. Siku ya kwenda, asiwe katika hedhi, na asijisafishe ndani kwa sabuni wala dawa yoyote. Aoge kama kawaida, avae sketi au gauni na kuchukua kanga yake. Akimaliza, aulize tarehe ya kurudi, aiandike kwenye kadi kwa mkono wake mwenyewe.