Kiongozi wa Wakulima Hafundishwi Peke Yake

Chama cha msingi cha wakulima kinapochagua bodi yake katika mkutano mkuu, wanaopata kura mara nyingi ni watu wa jembe hasa: mzee mwenye mikorosho yake, mama mwenye ekari mbili za kahawa, kijana aliyerudi kijijini baada ya darasa la saba. Muda si mrefu watu hao hukabidhiwa mhuri, vitabu vya hesabu na mali ya mamia ya wenzao. Je, ni nani aliyewafundisha kazi hiyo?

Swali hili si geni katika nchi yetu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha KNCU. Huko Kanda ya Ziwa wakulima wa pamba waliungana hata mwaka 1955 wakawa na shirikisho lao kubwa, likiongozwa na Paul Bomani, ambaye kabla ya hapo alikwisha kwenda Uingereza kusomea mambo ya ushirika. Mwaka 1963 kikafunguliwa Chuo cha Ushirika Moshi, ambacho tangu 2014 ni Chuo Kikuu. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba wazee wetu hawakuona haja ya kufundisha viongozi.

Walakini mwaka 1966, tume maalumu ya Rais ilipochunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao, ilikuta kwamba wanachama wengi hawakujua mambo ya vyama vyao, watumishi wenye ujuzi walikuwa wachache, na wanasiasa walikuwa wakitia mikono yao humo. Miaka kumi baadaye, mwaka 1976, vyama vikuu vikavunjwa, hata sheria ya 1982 ilipovirudisha. Katika miaka ile sita, watu waliokuwa wamezoea kuitisha mikutano, kusoma taarifa na kuulizana maswali walikosa mahali pa kuzoelea. Wengine walizeeka, na wengine walifariki. Jengo la ghala laweza kufungwa miaka sita kisha likafunguliwa kwa ufunguo ule ule. Mazoea ya watu kujitawala katika mali yao hayana ufunguo wa namna hiyo.

Hapa ndipo penye shauri letu. Mafunzo ya uongozi kwa wakulima watu wazima, kila yanapotolewa, humwendea mwenyekiti na katibu. Hao huitwa mjini siku tatu, hukaa ukumbini, huandika katika daftari, hupewa cheti (na posho yake haikosi), kisha hurudi. Mwanachama aliyewachagua hubaki vile vile alivyokuwa. Matokeo yake ni kwamba kiongozi amezidi kujua, na msimamizi wake, yaani mkutano wa wanachama, hajaongezewa hata neno moja. Kiongozi mwaminifu hapo atafanya kazi katika upweke, kwa kuwa hapana wa kumwelewa; na asiye mwaminifu amepewa elimu ya kujificha.

Tutazame mizani. Chama kikipokea gunia 2,000 za korosho katika msimu, na mizani ikapunja kilo moja tu kwa kila gunia, kilo 2,000 zimepotea, yaani tani mbili nzima. Hakuna mkulima hata mmoja atakayelia kwa kilo moja. Ili wizi huo uonekane, lazima awepo mwanachama ajuaye kupima jiwe la mizani mbele ya watu, kutoa uzito wa gunia tupu, na kulinganisha jumla ya stakabadhi za wakulima na uzito uliopokelewa ghala kuu. Elimu hiyo haihitaji ukumbi wa mjini. Yahitaji mizani, kalamu, na alasiri mbili chini ya mwembe.

Kazi hii imezidi kuwa ya lazima tangu kuja mfumo wa stakabadhi ghalani kwa sheria ya 2005. Zao hupita katika mikono mingi, toka chama hadi ghala, toka ghala hadi mnada, kisha fedha hushuka kwa mkulima zikiwa zimepunguzwa makato. Mwanachama asiyeweza kusoma karatasi ya makato atasema ameibiwa hata siku ambayo hakuibiwa, na hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Kuna njia nyingine ya kufundisha watu wazima, nayo yafaa itazamwe sana. Huko Indonesia, wadudu wa mpunga walikuwa wamezidi kwa sababu ya sumu iliyoua hata maadui wa wadudu hao, na mwaka 1986 serikali ikapiga marufuku aina 57 za dawa katika mpunga. Mwaka 1989 likaanzishwa shamba darasa, na katika miaka ya 1990 likafika Afrika Mashariki. Wakulima kama ishirini na tano hukutana kila juma kwa msimu mzima katika shamba moja. Hugawanyika katika vikundi vidogo, huhesabu wadudu, huchora walichokiona, kisha mmoja husimama mbele ya wenzake kueleza kikundi chake kimeamua nini na kwa nini. Bwana shamba huuliza maswali, hatoi amri. Juma lijalo husimama mwingine. Mama ambaye hajapata kunena mkutanoni hujikuta akitetea hoja yake juu ya jani la mpunga, na wote wakimsikiliza. Msimu ukiisha, kijiji chajua watu wake wenye akili ya kuongoza, kwani kimewaona wakifanya kazi hiyo.

Na saa nayo izingatiwe. Semina ya siku tano wakati wa palizi humfukuza mwanamke mwenye watoto na kumkaribisha yule asiyelima.

Mkutano mkuu ujao, basi, mwanachama na asimame aulize: fungu la mafunzo katika makisio ya mwaka huu ni shilingi ngapi, nani watakwenda kufundishwa, na wakirudi watawafundisha wenzao siku gani, mahali gani? Jibu liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, pamoja na tarehe.